Hina Niliyompaka Tuda

17 Septemba

Daftari hili lililetwa kwa ajili ya watoto wa shule. Shule yenyewe imelala chini, kwa hiyo nimechukua moja, na anayetaka kunishtaki anishtaki. Kuandika nilijifunza uzeeni, darasa la akina mama pale msikitini, miezi saba. Herufi zangu zimepinda lakini zinasomeka. Anayecheka aandike zake.

Leo ni siku ya nane tangu mlima ututikise. Hapa Tamgunt tumezika watu kumi na wanne. Nyumba yangu imebaki jiko na nusu ya zizi. Wajukuu wangu sita ni wazima. Mimi ni mzima. Sina zaidi la kusema juu ya hilo.

Jana wamefika madaktari kutoka mjini. Wamepiga mahema katika shamba la zafarani la msikiti, kipindi hiki ambacho zafarani inajiandaa kuchipua. Nilikwenda kuwaambia. Mkuu wao, Daktari Reduan, kijana mrefu mwenye miwani, akanipa chupa ya maji, akaniita Lalla, kama bibi wa heshima, akasema, "Pumzika, Lalla. Sisi tupo."

Nimezalisha wanawake wa bonde hili miaka arobaini na miwili. Nimeunga mifupa ya wanaume ambao leo wanaitwa babu. Halafu mtoto wa juzi ananiambia nipumzike. Maji nimeyanywa. Kupumzika sikupumzika.

18 Septemba

Nimerudi. Nimeambiwa nipumzike tena.

19 Septemba

Leo nimekaa mlangoni mwa hema lao tangu jua linachomoza, nimenyoosha miguu, kila anayeingia anaruka. Daktari anasema Kiarabu cha mjini. Wanawake wetu wengi hawakijui, na hata wanaokijua hawawezi kumwambia mwanamume mgeni nguo ifunuliwe wapi. Akaingia Rqia, mke wa Addi. Akaulizwa kama anaumwa. Akatikisa kichwa, akashukuru, akatoka.

Nikamuuliza daktari, "Huyo umemwandika nini?"

"Mzima."

"Mbavu zake mbili zimevunjika. Boriti lilimwangukia. Hajalala chali tangu siku ile."

"Mbona hakusema?"

"Aseme mbele yako? Weka shuka katikati. Huyu binti muuguzi akae ndani ashike, mimi niulize, wewe ukae nje usikilize."

Akavua miwani akaifuta. "Na wewe ni nani, Lalla?"

"Ni niliyekuwapo kabla yako."

Muuguzi wao, Ghizlane, alikwisha anza kutafuta shuka. Kufika adhuhuri walikuwa wamerudi wanawake kumi na wanne ambao jana na leo waliandikwa wazima. Rqia alikuwa wa kwanza. Alinilaumu kwa kumwanika. Nikamwambia alale chali tuone kama ataendelea kulaumu.

20 Septemba

Nimepewa kizibao chekundu cha timu yao. Sina umri wa kuvaa nyekundu. Mgongoni kimeandikwa "Msaidizi". Nilimwambia daktari kwamba kati yetu wawili msaidizi ni yeye. Alicheka. Mimi sikucheka, ila nimekivaa.

21 Septemba

Helikopta imempeleka Ghizlane juu Agerd, kijiji cha mwisho kabla ya theluji. Huko ndiko aliko Tuda, mtoto wa marehemu dada yangu, niliyemlea tangu ana miaka mitano. Mimi nimeachwa. Eti kiti ni kimoja, eti umri. Ghizlane karudi anasema Agerd wote wazima, wenye majeraha yamekwisha fungwa.

Najua yamefungwa. Niliyafunga mimi, siku ya tatu, nilipopanda kwa miguu wakati hawa bado wanatafuta funguo za magari yao.

22 Septemba

Upepo. Ardhi imetikisika mara mbili. Tumeendelea na kazi.

24 Septemba

Leo ameletwa Mzee Hamu wa kinu. Mkono wake ulichanwa na jiwe tangu kiwiko mpaka kifundo. Niliupaka mwenyewe siku ya pili: hina, samli ya kale, karafuu ya kusaga, kitambaa cha sufu, na sharti la kutofungua mpaka siku ya kumi na tano. Ndivyo alivyopaka mama yangu na mama yake.

Ghizlane aliuosha kwa maji ya chumvi. Ganda la hina lilitoka zima, kama ganda la mkate. Chini yake kulikuwa na usaha, na nyama iliyokwisha lainika. Ghizlane aliguna tu. Akakata, akaosha, akakata tena, na Hamu akauma shuka.

Daktari akauliza, "Nani alimpaka kitu hiki?"

Hamu akanitazama. Mtu mzima yule, kinu chake kimebomoka, mkono unakatwa nyama, na bado alinyamaza ili kunistahi.

Nikajibu, "Wanawake wa hapa hupaka."

Sikudanganya. Wala sikusema kweli.

Sitamwomba radhi mtu yeyote kwa mikato ya mundu na michubuko ya kamba. Hiyo nimeipaka hina maisha yangu yote na ikapona. Lakini paa la nyumba si mundu. Linaingiza udongo, mavi ya mbuzi na vipande vya nguo ndani ya nyama, na mimi nilifunga vyote humo ndani, nikakaza na kitambaa. Nimehesabu. Siku tatu za kwanza nilipaka watu tisa; waliobaki niliwafunga kitambaa kitupu.

25 Septemba

Nimewaleta saba wa hapa na wa kijiji cha chini, mmoja mmoja, wengine kwa kuwavuta mkono. Pamoja na Hamu ni wanane. Wanne walikuwa wanapona. Wanne hawakuwa wanapona, na sasa wameoshwa. Ghizlane haniulizi kitu. Ananiudhi akinyamaza.

Wa tisa ni Tuda.

26 Septemba

Naandika kabla ya kuondoka, wakati nyumbu anatandikwa.

Nilimuuliza Ghizlane, "Kule Agerd ulimwona Tuda, mke wa Hsain? Mguu wa kulia, jiwe la kizingiti lilimponda."

"Yule mwenye hina mguuni? Nilimwona. Alisema ameshatibiwa, akakataa niguse." Kisha uso wake ukabadilika. "Vidole vilikuwa vyeusi sana. Mjini hina tunapaka harusini, Lalla. Nilimwambia imekolea vizuri."

Tukaenda kwa daktari. Akasema njia ya Agerd imeporomoka mahali pawili, na helikopta iko bonde jingine kwa siku tatu. "Hakuna anayepanda. Hiyo ni amri."

"Amri ya nani?"

"Yangu. Sitaki kuzika mtu wa timu yangu. Ukivaa kizibao hicho unanisikiliza."

Nikakivua. Nikakikunja vizuri, nikakiweka juu ya meza yake. "Sasa sijavaa."

"Lalla Itto, nisikilize. Una miaka sabini."

"Sabini na mbili. Na njia ile naijua ilipoporomoka mwaka huu, na ilipoporomoka mwaka ule wewe hujazaliwa."

Nimetoka anaendelea kuongea. Ghizlane amenifuata na mkoba wake mgongoni. Daktari amemwita mara tatu kwa jina lake na la baba yake. Binti hakugeuka. Leo nimemwona kwa macho mengine.

27 Septemba, Agerd

Tulilala njiani kwenye zizi la wachungaji, tumefika jua limepanda. Penye maporomoko tulimwacha nyumbu atangulie. Nyumbu hapendi kufa. Ghizlane alitambaa kwa magoti na mikono, akilia, na hakusimama hata mara moja. Nilimwambia alie, ila aangalie anaposhika.

Tuda alikuwa amelazwa uani chini ya turubai. Uso unawaka, midomo imepasuka. Aliponiona akajaribu kukaa.

"Mama mkubwa," akasema, "sijafungua. Wamesema nifungue, nimekataa. Siku kumi na tano ulizosema, mimi nimefikisha na zaidi. Nilikuwa nakusubiri ufungue wewe."

Nikapiga magoti penye mguu wake. 

Nikafungua. Kwanza ilitoka harufu ya karafuu, nzuri, ile ile ya nyumba ya bibi harusi. Chini ya karafuu kulikuwa na harufu nyingine. Vidole vilikuwa vyeusi mpaka nusu ya unyayo, na weusi wenyewe ulikuwa ule ule niliokuwa naujivunia nikipaka. Ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Kila aliyepita alisema hina imekolea.

Ghizlane akamdunga sindano mbili. Akanivuta kando. "Ateremshwe leo. Kesho ni kuchelewa."

Kwa nyumbu hawezi kukaa. Machela hakuna. Kilichobaki kijijini cha kubebea mtu ni jeneza la msikiti, maana siku ya tetemeko lilikuwa limetumika, linaoshwa nje, likapona. Nikasema liletwe.

Mzee Bassou, baba mkwe wake Tuda, akasimama mlangoni mwa msikiti na fimbo yake. Bassou na mimi tumejuana tangu tunachunga mbuzi, na tangu wakati huo hatujakubaliana kitu.

"Jeneza la msikiti halibebi mtu anayepumua," akasema.

"Kwa hiyo tungoje asipumue?"

"Itto, ni mkosi. Utamwita malaika kabla hajatumwa."

"Alishatumwa, Bassou. Alikaa hapa wiki nzima mkimpita mkisema hina nzuri. Hizi ni mbao na misumari. Ulizichonga wewe, na ulizichonga vibaya, mguu mmoja mfupi."

Wanaume wakatazama chini. Mmoja alikuwa anacheka ndani ya kilemba chake.

"Na kama atafia humo?" Bassou akauliza. Sauti yake haikuwa ya ugomvi tena. Alikuwa anaogopa, naye anampenda yule mtoto. "Nitamwambia nini Hsain huko mjini?"

"Mwambie ni mimi. Kwanza nilipaka, halafu nikabeba. Lolote litakalotokea, niwekee mimi. Sasa toka mlangoni."

Hakutoka. Alifanya zaidi ya hivyo. Aliingia ndani, akashika upande mmoja wa jeneza, na mtu wa miaka sabini na tano akawaambia vijana, "Mnangoja nini?"

Tulipomlaza Tuda akafumbua macho, akaona mbao pande zote mbili.

"Mama mkubwa, mnanizika?"

"Nyamaza. Mzigo hauongei."

Akacheka. Alikuwa na homa ya kupikia chai juu yake, na akacheka.

28 Septemba

Tumefika Tamgunt jana jua likizama, watu wanane wakibadilishana wanne wanne. Watu walipoona jeneza linateremka wakaanza kusoma Fatiha. Nikawapigia kelele kwamba maiti anaomba maji.

Daktari hakunigombeza. Alipiga magoti palepale njiani, akatazama mguu, akatazama saa yake. Kisha, bila kuniangalia, "Lalla, huyu alipakwa na nani?"

"Mimi."

"Na mzee wa kinu?"

"Mimi. Wote tisa ni mimi. Juzi ulipouliza nilikukwepa."

Akaita gari. Gari likamchukua Tuda, na Ghizlane akapanda naye. Baadaye daktari akaja hapa jikoni kwangu akiwa ameshika kile kizibao, amekikunja kama nilivyokikunja mimi.

"Sikukiomba," nikamwambia.

"Najua. Kesho tunakwenda vijiji vya ng'ambo. Kuna wanawake mia mbili ambao sijui wamefunga nini chini ya vitambaa vyao. Ghizlane hawezi peke yake."

Nimekitundika msumarini. Nitaamua asubuhi.

29 Septemba

Nimekivaa.

2 Oktoba

Hsain amepiga simu kutoka hospitali ya mjini. Wameukata, chini ya goti. Tuda yuko hai. Hsain akakata simu.

3 Oktoba

Leo sina la kuandika.

5 Oktoba

Kule bombani wanasema Itto amekula mguu wa mtoto wa dada yake. Nimekwenda kuchota maji saa ambayo wote wapo. Nikajaza ndoo polepole.

"Anayesema aseme niko hapa," nikawaambia. "Na akishasema, anionyeshe kidonda cha mumewe, maana najua mna hina chini ya godoro hata sasa."

Wakainama kwenye ndoo zao. Lakini alasiri wamekuja wawili na waume zao.

8 Oktoba

Vijiji vya ng'ambo. Daktari anauliza maumivu, Ghizlane anauliza homa, mimi nauliza swali moja tu: nani amepaka hina, atoe. Leo bibi mmoja, rika langu, ameficha mkono nyuma.

"Wewe mwenyewe ulinifundisha," akaniambia, mbele ya wote. "Harusi ya binti yangu, ulikaa kwangu siku tatu, ukanifundisha kuchanganya."

"Nilikufundisha vibaya. Nyoosha mkono."

"Na miaka arobaini yote hiyo ulikuwa hujui?"

"Nilikuwa sijui. Sasa najua. Nyoosha mkono, mama, uzee usitufanye wajinga mara mbili."

Akanyoosha. Ulikuwa unapona vizuri kabisa. Alinicheka mpaka tunaondoka, na ana haki.

11 Oktoba

Mvua. Mahema yanavuja. Daktari amelowa hata miwani. Nimewapikia uji wa shayiri, na hakuna aliyeniambia nipumzike.

15 Oktoba

Nimempelekea Tuda salamu kwa simu ya Hsain. Zimerudi bila jibu.

19 Oktoba

Timu inaondoka baada ya siku tano. Daktari anaandika ripoti ya kazi yote, kitabu kizima. Nikamwambia anisomee panapomhusu Tuda. Akakohoa. Akasoma: mgonjwa, mwanamke, miaka ishirini na sita, alichelewa kupata matibabu kutokana na barabara kukatika.

"Huo ni uongo."

"Si uongo. Barabara ilikatika."

"Barabara haikumpaka. Ghizlane alifika kwa helikopta, akaona mguu, akarudi. Barabara imehusikaje?"

Ghizlane alikuwa anapanga dawa kwenye sanduku. Akasema, taratibu, "Ni kweli. Niandike na mimi. Niliuona nikausifia."

Daktari akaweka kalamu chini. "Sikilizeni nyote wawili. Kitabu hiki kitasomwa na watu wasiotujua. Ghizlane atahojiwa. Na wewe, Lalla, watasema ndio hao wakunga wa milimani. Hawatakuruhusu kugusa mgonjwa tena."

"Watanikatazaje? Watakuja kuishi hapa?"

"Nataka kukulinda."

"Hukuombwa. Mlima huu utatikisika tena, mimi nikiwapo au nikiwa chini yake. Itakuja timu nyingine, watoto kama nyinyi, wana roho nzuri na hawajui kitu. Wataona mguu mweusi wenye harufu nzuri. Watasema mapambo, watapanda helikopta. Kama kitabu chako kinasema barabara, watatengeneza barabara. Andika: palipo na hina, osha kwanza. Andika aliyepaka ni nani, ili wajue kwamba hata anayeaminiwa na bonde zima anaweza kukosea. Wasiogope kuifungua kazi yake."

Akachukua kalamu. Kisha akafuta mstari, akaandika mingine. Nikamwambia asome. Akasoma. Nikamwambia arudie penye jina langu. Alikuwa ameandika "mkunga wa kienyeji".

"Jina lina herufi chache tu. Litakuumiza mkono?"

Akaandika. Penye saini akanisogezea kidau cha wino nitie dole gumba. Nimekisukuma kando nikachukua kalamu. Ilinichukua muda, na wote wawili walisubiri.

24 Oktoba

Wameondoka. Ghizlane alilia tena, kazi yake hiyo. Daktari aliniachia sanduku la bandeji na chupa za kuoshea, na karatasi ya maelezo kwa herufi kubwa kama za mtoto. Nilimwambia mimi si kipofu. Kizibao wameniachia.

30 Oktoba

Zafarani imechanua. Haikufa yote waliyoikanyaga. Tunachuma alfajiri kabla ya jua kufungua maua. Bassou ameteremka na habari: Tuda anarudi, ila hatapelekwa Agerd, huko theluji imeanza. Atakaa hapa Tamgunt, hema la Rqia.

"Ameuliza juu yangu?"

"Ameuliza kama bado unagombana na watu," akasema. "Nikamwambia ndiyo."

5 Novemba

Tuda amefika jana. Watu walidhani nitajificha. Wengine walikuwa wananitakia nijifiche, niliona. Asubuhi nimevaa kizibao, nikachukua sanduku, nikapita katikati ya mahema yote, mchana kweupe.

Alikuwa amekaa kwenye zulia, mguu uliobaki amenyoosha, anachambua nyuzi za zafarani kutoka kwenye maua. Hakuinua uso.

"Ulinipaka wewe," akasema.

"Nilikupaka mimi."

"Usiniambie Mungu amependa. Wamekuja ishirini, wote wamesema Mungu amependa."

"Sitasema."

"Usiniambie ulikuwa unataka mema."

"Hilo pia sitasema."

Akachambua maua matatu, manne. Mimi nimesimama na sanduku langu. Magoti yaliniuma na sikuketi, maana sikukaribishwa.

"Hospitalini wamesema kitambaa kibadilishwe kila siku ya pili," akasema mwishoni. "Rqia anazimia akiona. Hsain mikono inamtetemeka. Wewe hutetemeki."

"Sitetemeki."

"Basi keti."

Nikaketi. Nikafungua sanduku, nikatoa bandeji, chupa, mkasi. Nikanyoosha mkono kwenye kitambaa cha goti lake. Akaukamata, akaugeuza, akatazama kiganja, akatazama kucha moja moja, kama nilivyokuwa nikimkagua yeye mdogo kabla ya kula.

"Umenawa?"

"Nimenawa kwangu, kabla ya kuja."

"Umeshika mlango, umeshika sanduku. Nawa tena."

Miaka arobaini na miwili hakuna mtu wa bonde hili aliyewahi kuniambia neno hilo. Rqia, aliyekuwa nyuma ya pazia akisikiliza, akachungulia.

Nikasimama. Nikaenda kwenye birika, nikanawa kwa sabuni mpaka viwiko, nikarudi nimeinua mikono juu ili nisiguse kitu.

Tuda akaitazama, pande zote mbili.

"Tena," akasema.

Nikarudi kunawa tena.